Barua pepe ya simu na ya kompyuta ya ofisi zisipishane

Msimu wa korosho, katibu wa chama cha msingi anasoma tangazo la mnada kwenye simu akiwa njiani kwenda Tandahimba. Karani aliyebaki Newala halioni kwenye kompyuta. Husingiziwa mtandao, lakini mara nyingi kosa ni aina ya akaunti.

Fungua mipangilio ya akaunti kwenye kila kifaa. Ukikuta POP3, umeshapata jibu: POP3 hushusha barua na, isipoambiwa iache nakala, huzifuta kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayohifadhi barua. Haipeleki habari kwamba barua imesomwa au imehamishwa. Unayoitaka ni IMAP, ambayo barua zake hukaa kwenye seva na vifaa vyote huangalia hapo. Kupokea weka poti (namba ya mlango wa seva) 993 yenye SSL/TLS, ulinzi unaoficha barua zikiwa njiani. Kutuma, 587 yenye STARTTLS (njia nyingine ya kuwasha ulinzi huohuo) au 465 yenye SSL/TLS.

Usiifute akaunti ya POP3 kwanza! Barua za miaka zinaweza kuwa zimebaki kwenye kompyuta hiyo tu. Ongeza anwani ileile kama akaunti ya IMAP, kisha nakili barua za zamani kuingia folda za seva, mia mbili mia mbili, ukihakiki idadi kila fungu. Zikionekana zote kwenye simu, ndipo uiondoe ya zamani.

Sasa kasi. Programu nzuri hutumia amri ya IDLE: huacha laini, yaani muunganisho wake na seva, wazi, na seva huiambia papo hapo kilichobadilika. Seva inaruhusiwa kuikata laini iliyokaa kimya dakika 30, kwa hiyo programu hutakiwa kuihuisha kabla ya dakika 29. Tatizo ni kwamba ruta au mtandao wa simu unaweza kuikata mapema zaidi bila kuaga, na programu ikaendelea kungoja kwenye laini iliyokufa. Dawa yake ni kutumia IDLE pamoja na ukaguzi wa kila baada ya muda. Kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, ingia "Server Settings", ruhusu taarifa za papo hapo, na uweke pia ukaguzi wa kila dakika 10. Kwenye simu ya Android, iondolee programu kizuizi cha kuokoa betri, la sivyo inaweza kulazwa usingizi skrini ikizimwa.

Jambo linalowapita wengi: laini moja ya IDLE huchunga folda moja tu. Ukiwa na kichujio kinachopeleka matangazo kwenye folda ya Minada, yanaweza kulala humo bila mtu kujua. Kwenye Thunderbird, bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", tia alama kwenye "When getting new messages for this account, always check this folder". Usizidishe lakini, kwani kila laini huhesabiwa. Thunderbird hufungua hadi tano, na Gmail inaruhusu 15 kwa akaunti. Kompyuta tatu na simu mbili kwenye anwani moja zinaweza kugonga ukomo huo; punguza kila kompyuta hadi laini mbili.

Barua zilizotumwa zikionekana nusunusu, kila kifaa kinaziweka kwenye folda yake. Vielekeze vyote kwenye folda moja ya seva.

Umeme ukikatika kompyuta ikiwa kazini, faharasa ya folda (orodha ya barua zilizomo) huweza kuharibika: idadi haioani, au barua hufunguka tupu. Rudi "Properties", bonyeza "Repair Folder". Barua zinaweza kushushwa upya, basi angalia bando kwanza.

Mwisho jaribu. Kwenye simu, rudisha barua moja iwe haijasomwa, huku ukitazama kompyuta. Ikibadilika ndani ya sekunde chache, IDLE inafanya kazi. Ikichukua kama dakika kumi, ni ule ukaguzi wa kila dakika 10 tu unaokubeba, na laini inakatwa mahali fulani. Isipobadilika kabisa, kuna kifaa ambacho bado kiko POP3.