Jinsi ya Kupima Uga wa Sumaku katika Gesi ya Ioni Iliyo Kati ya Nyota

Chagua pulsa (nyota ndogo, nzito sana, inayozunguka na kutufikia kama mapigo ya redio) iliyo nyuma ya gesi unayokusudia kuipima, kwa kuwa mawimbi yake ya redio hutetema zaidi katika bapa moja, na bapa hilo huzungushwa na elektroni huru zilizomo ndani ya uga wa sumaku. Athari hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1845, akitumia kipande cha kioo.

Pima pembe ya bapa katika masafa mengi (yaani idadi tofauti za mitetemo ya wimbi kwa sekunde), kisha uichore dhidi ya mraba wa urefu wa wimbi. Mwinamo wa mstari ndio kipimo cha mzunguko. Masafa mawili hayatoshi hata kidogo, kwani bapa lililozunguka nusu duara huonekana kana kwamba halikuzunguka kabisa. Ondoa pia mchango wa ionosfia ya dunia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru, ambao hubadilika mchana na usiku.

Mapigo ya masafa ya chini huchelewa kufika, na ucheleweshaji huo hukupa kipimo cha mtawanyiko, yaani jumla ya elektroni zilizo njiani. Gawanya mzunguko kwa mtawanyiko, kisha zidisha kwa 1.23: radiani 60 kwa mita ya mraba na paseki 50 kwa sentimita ya ujazo (paseki ni kipimo cha umbali wa nyota) hutoa takriban mikrogausi 1.5, yaani sehemu 1.5 za milioni za gausi, kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku. Alama chanya huonyesha kuwa uga unaelekea kwetu.

Jibu hili ni wastani wa sehemu ya uga iliyo sambamba na mstari wa kutazamia tu, na pale uga unapogeuka njiani, pande zinazopingana hufutana.