Kutoa shaba kwenye maji taka ya asidi: jaribu mezani kabla ya kujenga matangi

Viwanda vya Kolwezi (Kongo) na Chingola (Zambia) huifanya kazi hii kwenye matangi makubwa: mafuta yenye oksimu, kemikali inayoishika shaba, huinyonya kutoka kwenye maji, kisha asidi kali huitoa kwenye mafuta. Mezani inatosha faneli ya kutenganishia ya mililita 250, miwani na glavu. Tuchukue maji taka ya asidi ya salfuriki yenye shaba gramu 2 kwa lita, pamoja na chuma na kobalti.

Anza kwa kuchuja, na usiwe na haraka. Vumbi na silika vikibaki, hujikusanya kati ya mafuta na maji kama uji usiopanda wala kushuka, na mafuta ya bei ghali hunasa humo. Maji yawe maangavu kabisa. Kisha pima pH: iwe 1.8 hadi 2. Ikiwa chini, ipandishe kwa matone ya soda kali. Chokaa iache, kwa sababu ikikutana na salfeti huzaa jasi na ule uji unarudi. Ukivuka 2.5, chuma huanza kujitenga kama tope jekundu.

Changanya oksimu, kwa mfano LIX 984N, mililita 10 na mafuta ya taa mililita 90. Mbali na moto, bila shaka. Mimina pamoja na mililita 100 za maji taka, tikisa dakika 3 huku ukifungua koki mara kwa mara kutoa hewa, kisha acha. Matabaka yakichukua zaidi ya dakika mbili tatu kuachana, rudi kwenye kuchuja.

Maji bado ni ya buluu? Usiilaumu oksimu. Kila gramu ya shaba inayohamia kwenye mafuta huachia maji gramu 1.54 za asidi. pH inashuka na kazi inajisimamisha. Tenga maji hayo, uyatikise tena na mafuta mapya.

Mafuta yaliyobeba shaba sasa ni kahawia iliyokolea. Yasuuze kwa maji safi yenye asidi kidogo ili kloridi isivuke, kisha yatikise na mililita 20 za asidi ya salfuriki ya gramu 180 kwa lita. (Ukiizimua, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume.) Asidi ya naitriki usiiguse: huivunja oksimu. Asidi ileile itumie kwa mafungu yanayofuata hadi ifikie shaba gramu 45 kwa lita, ndipo ipelekwe kwenye elektrolisisi, ambako umeme huitenga shaba. Mafuta yanarudi kazini.

Maji yaliyobaki ni makali kuliko mwanzo na bado yana kobalti yote, kwani oksimu haiishiki kwa pH hii. Usiyamwage mtaroni: ondoa chuma kwanza, kisha ifanye kobalti ijitenge kama tope kwa magnesia (oksidi ya magnesi).