Somo: Jinsi ya Kupima Mashapo na Wanyama wa Sakafuni Katika Mlango wa Mto

Mnyama anayeishi ndani ya matope hana pa kukimbilia maji yanapoharibika. Samaki huondoka akaenda zake, lakini mnyoo na chaza hubaki palepale, na kwa hiyo wao hutueleza hali ya mlango wa mto kwa miezi iliyopita, si hali ya siku tuliyofika tu. Hata hivyo, ushuhuda wao hausomeki bila kuyajua mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini, wanamoishi, na ndiyo sababu somo hili linavishika vyote viwili kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: kupanga vituo. Panga vituo kwa kuifuata chumvi, kuanzia baharini, ambako hukaribia gramu 35 katika kila kilo ya maji, hadi mtoni, ambako ni karibu na sifuri. Pale chumvi inapokuwa kati ya gramu 5 na 8, aina za wanyama hupungua kwa asili, hata pasipo uchafu wowote, na asiyelijua jambo hili huwahi kulaumu maji taka kwa kazi iliyofanywa na chumvi. Pima chumvi ya maji ya chini kabisa, kwa kuwa maji ya mto ni mepesi na hutanda juu ya yale ya bahari. Kila kituo kichotwe mara 3 angalau, na mara 5 ikiwezekana.

Hatua ya pili: kuchota. Chombo kinachotumika sana ni kile chenye taya mbili kiitwacho Van Veen, ambacho kwa kawaida huchota eneo la mita za mraba 0.1. Kishushe polepole kinapokaribia chini, kwa sababu kikianguka kwa kasi husukuma maji mbele yake, na maji hayo hulipeperusha tope laini la juu, ambamo wanyama wengi wadogo huishi. Kikipanda, zitazame taya: gome la chaza likikwama kati yake, tope huvuja njiani, na sampuli hiyo haina budi kutupwa, hata kama mikono imechoka.

Hatua ya tatu: kutazama kabla ya kugusa. Hapa ndipo wengi huharakisha, nami nawasihi msiharakishe. Fungua kifuniko cha juu, mwaga maji taratibu, kisha penyeza bomba jembamba linaloonyesha ndani. Utaona tabaka la kahawia lililopata oksijeni, na chini yake jeusi lisilonayo. Pima unene wa lile la kahawia kwa rula, piga picha, na uandike harufu. Tope lililo jeusi hadi juu na kunuka kama yai viza linatoa haidrojeni salfaidi, na wanyama wachache tu hulivumilia.

Mashapo ya maabara yachotwe kwa mshusho wa pekee, yasipunguzwe kutoka kwenye sampuli ya kuhesabia wanyama. Chembe zilizo chini ya milimita 0.063 ni tope, na kutoka hapo hadi milimita 2 ni mchanga. Kipimo hiki kisirukwe, kwa maana metali nzito na mabaki ya viumbe hushikamana zaidi na chembe ndogo, na kulinganisha kituo cha tope na cha mchanga bila kulizingatia hilo ni kujipotosha.

Hatua ya nne: kuchekecha na kuhifadhi. Tumia chekeche lenye matundu ya milimita 0.5 au 1, bila kubadilisha katikati ya kazi. Liyumbishe ndani ya beseni la maji badala ya kulimwagia maji kwa nguvu, kwani minyoo hukatika upesi. Wakikatika, hesabu vichwa tu. Hifadhi katika formalini ya asilimia 4 iliyotiwa boraksi, ili asidi isiyayeyushe magome, na baada ya siku chache uhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Formalini husababisha saratani: vaa glavu, na ufanyie kazi penye hewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kituo kimoja kilinipa mamia ya minyoo. Je, ndicho chenye afya kuliko vyote?*

Ndugu, usitazame idadi peke yake. Wanasayansi Pearson na Rosenberg walieleza mwaka 1978 kwamba uchafu wa mabaki ya viumbe unapozidi, aina hupungua huku chache zinazostahimili, kama minyoo wa Capitella, zikifurika. Mamia ya aina moja juu ya tope jeusi ni dalili mbaya.

*Sina mashua. Nifanyeje?*

Ngoja maji ya bamvua yapwe, kisha zamisha bomba la plastiki la kipenyo kilekile kila mara, hadi sentimita 15, mahali ambapo hujakanyaga. Matokeo yake yatahusu eneo linalokauka tu, basi usiyachanganye na ya kina kirefu.

*Naweza kuliacha tope ndooni kwa siku mbili kabla ya kuchekecha?*

La. Wanyama laini huoza, na walao wenzao huendelea kula. Chekecha siku ileile, na usipoweza, tia formalini humohumo ndooni, uikoroge taratibu hadi ienee.