Jinsi ya Kuandika Kadi ya Mechi ya World Series kwa Penseli na Karatasi

Besiboli ya Oktoba ukiitazama bila kuiandika, nusu yake inakupita. Mtangazaji hushikilia matukio matatu au manne yaliyoamsha kelele uwanjani, na asubuhi yake magazeti hurudia hayohayo. Yale madogo yaliyoyazaa makubwa yanapotea, na kwangu hayo ndiyo matamu zaidi. Mimi huandika kadi za mechi, yaani karatasi za kurekodi kila mpigaji na kilichompata, za vijana nikiwa kando ya uwanja na za World Series, fainali ya Marekani, nikiwa mbele ya runinga. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kwamba besiboli inachezwa kwa gongo na glovu, lakini hajawahi kuandika kadi.

Hatua ya 1: Jua mechi yako iko wapi katika safari

Kila timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida. Tangu 2022, timu 12 ndizo zinazoingia hatua ya mtoano, 6 kutoka American League na 6 kutoka National League: mabingwa watatu wa kanda katika kila ligi, na timu tatu zinazowafuata kwa rekodi. Mabingwa wawili bora wa kila ligi hupumzika raundi ya kwanza. Wengine huanza na Wild Card, ambako ushindi wa mechi 2 unatosha na zote huchezwa nyumbani kwa timu iliyopangwa juu. Inafuata Division Series (ushindi 3), kisha Championship Series ya kila ligi (ushindi 4), halafu mabingwa wa ligi mbili hukutana World Series, nayo ni ushindi 4. Mechi mbili za mwanzo za fainali huwa nyumbani kwa timu yenye rekodi bora ya msimu, tatu zinazofuata kwa mwenzake, na zikihitajika mbili za mwisho, wanarudi walikoanzia.

Juu kabisa ya kadi andika tarehe, uwanja, mechi ni ya ngapi, na kila timu imeshinda mara ngapi hadi hapo. Hilo la mwisho usiliache. Kocha aliyebakiza kipigo kimoja kutolewa hutumia warushaji wake kwa namna ambayo asingethubutu mwezi Juni.

Kwa walioko Afrika Mashariki: mechi ya fainali inayoanza saa mbili usiku New York, kwetu ni saa tisa usiku. Marekani ikirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, inakuwa saa kumi. Andaa kadi yako kabla ya kulala, ukiamka uandike tu.

Hatua ya 2: Chora kadi

Unahitaji kurasa mbili, moja kwa kila timu. Daftari la hesabu lenye miraba linafaa kuliko karatasi tupu. Upande wa kushoto andika majina tisa ya wapigaji kwa mpangilio wao, ukiacha mistari miwili chini ya kila jina kwa ajili ya watakaoingia badala yao. Kulia chora safu za inningi, yaani vipindi ambamo kila timu hupiga mara moja hadi watu wake watatu watolewe. Ndani ya kila chumba chora almasi ndogo: pembe ya chini ni nyumbani, ya kulia ni besi ya kwanza, ya juu ni ya pili, ya kushoto ni ya tatu.

Mechi ni inningi 9, lakini wewe chora safu 12 na uwe na ukurasa wa akiba. Katika msimu wa kawaida, kuanzia inningi ya 10, kila timu huwekewa mchezaji besi ya pili bila jasho ili mechi iishe upesi. Kwenye mtoano kanuni hiyo haipo, kwa hiyo mechi inaweza kwenda hadi kuche. Mechi ya tatu ya fainali ya 2018, Dodgers na Red Sox mjini Los Angeles, ilikwenda inningi 18 na kuchukua saa 7 na dakika 20. Mwaka 2025, katika uwanja uleule na tena ikiwa mechi ya tatu, Dodgers na Blue Jays walifika inningi 18 pia.

Hatua ya 3: Kariri namba tisa

Kila nafasi uwanjani ina namba yake, na haihusiani na namba ya jezi. Mrushaji ni 1, mdakaji wa nyuma ya mpigaji ni 2, besi ya kwanza 3, besi ya pili 4, besi ya tatu 5. Anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, yaani shotistopu, ni 6. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani besi ya tatu ndiyo 6. Nje kabisa, kushoto ni 7, katikati 8, kulia 9, ukitazama kutoka kwa mpigaji. Mpigaji maalumu asiyecheza ulinzi hana namba, anaandikwa DH.

Mpira ukipigwa chini, shotistopu akauokota na kuutupa besi ya kwanza, unaandika 6-3 na tukio zima limekaa. Kila anayetolewa, andika ndani ya chumba chake 1, 2 au 3 na uizungushie duara, ili ujue ametolewa wa ngapi katika inningi hiyo.

Hatua ya 4: Alama chache zinazotosha

K ni mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha. Akiwa amesimama tu bila kuzungusha gongo, K inaandikwa ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. F na namba ni mpira wa juu uliodakwa: F8 umedakwa na wa katikati. L ni mpira wa moja kwa moja uliodakwa. BB ni besi ya bure, anayopewa mpigaji mrushaji akirusha mipira minne mibaya, na IBB ni ile aliyopewa kwa makusudi. 1B, 2B, 3B na HR ni pigo la besi moja, mbili, tatu na homurani, pigo linalomfikisha mpigaji hadi nyumbani. E na namba ni kosa la mlinzi huyo, SB ni besi iliyoibwa, na SF ni mpira wa juu uliodakwa lakini mwenzake wa besi ya tatu akapata nafasi ya kukimbia nyumbani kufunga.

Mchezaji anaposogea, fuata mstari wa almasi kwa penseli hadi alipofika. Akifunga pointi, jaza almasi yote.

Alama hizi zinabeba mengi. Tarehe 8 Oktoba 1956, Don Larsen wa Yankees aliwatoa wapigaji 27 wa Brooklyn Dodgers mfululizo, mechi pekee kamilifu katika historia ya World Series, na alama ya mwisho kwenye kadi hiyo ni K iliyogeuzwa. Mechi ya saba ya 1960, Pirates 10 Yankees 9, haina K hata moja kwenye kurasa zote mbili. Hakuna mechi nyingine ya fainali iliyo hivyo. Mambo ya namna hii huyaona mwenye kadi.

Hatua ya 5: Andika inningi moja ya kweli

Tuchukue mechi ya kwanza ya fainali ya 2024, Dodger Stadium, tarehe 25 Oktoba, nusu ya pili ya inningi ya 10. Yankees wanaongoza 3-2. Mrushaji wao ni Jake Cousins.

Will Smith anapiga mpira wa juu unadakwa. Andika F na namba ya aliyedaka, kisha duara lenye 1. Gavin Lux anapewa besi ya bure: BB, mstari hadi besi ya kwanza. Tommy Edman anapiga besi moja: 1B, na katika chumba cha Lux refusha mstari hadi besi ya pili.

Sasa kocha wa Yankees anamtoa Cousins na kumwingiza Nestor Cortes. Piga mstari mzito kati ya chumba cha Edman na cha Shohei Ohtani. Usiusahau mstari huo. Walioko juu yake wakifunga, pointi zao ni deni la Cousins; walioko chini ni la Cortes.

Ohtani anapiga mpira wa kwanza, unaelekea nje ya mstari wa kushoto. Alex Verdugo anaukimbilia, anaudaka, na mwili wake unapinduka ukuta hadi kwa watazamaji. Andika F7, duara lenye 2. Kalamu bado isitue: mlinzi akidaka kisha akaangukia nje ya uwanja, kila aliye kwenye besi husogea moja. Kwa hiyo Lux anafika ya tatu na Edman ya pili, na kando ya mistari hiyo ninaandika 7 ndogo kukumbuka ni anguko la nani lililowasogeza.

Besi ya kwanza sasa iko wazi. Yankees wanampa Mookie Betts besi ya makusudi, IBB, ili Cortes, anayerusha kwa mkono wa kushoto, akutane na Freddie Freeman, anayepiga kwa upande wa kushoto. Besi zote zimejaa. Mpira wa kwanza kwa Freeman unatua jukwaa la kulia. HR. Jaza almasi nne: Lux, Edman, Betts, Freeman. Mechi imekwisha 6-3, na ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya World Series mechi kumalizwa kwa homurani ya besi zote kujaa.

Tazama tena mstari wako mzito. Cortes alirusha mipira miwili tu usiku ule, lakini aliyeandikiwa kupoteza mechi ni Cousins, kwa sababu Edman, pointi ya ushindi, alikuwa juu ya mstari. Bila mstari huo ungemlaumu asiyehusika.

Angalizo: pigo la kumaliza mechi likiwa la kawaida, unahesabu pointi zinazotosha kushinda tu. Homurani ndiyo pekee inayohesabiwa yote, ndiyo maana matokeo ni 6-3 na siyo 4-3.

Hatua ya 6: Tenganisha kosa na uzembe

Hapa ndipo kadi inapodai uamuzi wako, na mfano bora ninaoujua ni mechi ya tano ya fainali hiyohiyo, Yankee Stadium, tarehe 30 Oktoba. Yankees wanaongoza 5-0 inningi ya 5, na Gerrit Cole hajaguswa. Kiké Hernández anapiga besi moja. Edman anapiga mpira wa wazi kwa Aaron Judge, unagonga glovu, unaanguka: E8. Smith anapiga mpira wa chini kwa Anthony Volpe, naye anatupa vibaya besi ya tatu: E6. Besi zimejaa na hakuna aliyetolewa. Cole anapambana: Lux K, Ohtani K.

Kisha Betts anapiga mpira dhaifu kuelekea besi ya kwanza. Anthony Rizzo anauokota na kutafuta wa kumpa. Cole, aliyetakiwa kukimbilia besi ile, amesimama akimnyooshea Rizzo kidole. Betts anafika salama na pointi ya kwanza inaingia.

Utaandika nini? Mkono utatamani kuandika E1. Usiandike. Kanuni inasema kosa la mawazo, mchezaji kutokwenda alipotakiwa, haliandikwi kuwa kosa, hivyo kwenye kadi ni 1B ya Betts. Freeman akaongeza pointi mbili, Teoscar Hernández mbili, ikawa 5-5, na Dodgers wakachukua ubingwa usiku huo kwa 7-6.

Sasa hesabu pointi anazodaiwa mrushaji. Rudia inningi ukiwa umeyafuta makosa: Edman angedakwa, mpira wa Smith ungemtoa mwenzake au yeye mwenyewe, na K ya Lux ingekuwa ya tatu. Inningi ingekuwa imekwisha. Pointi zote 5 hazihesabiwi kwa Cole. Ndiyo kanuni, na ninaiheshimu, ila mimi huweka nyota ndogo pembeni ya chumba cha Betts. Rekodi rasmi haina nafasi ya nyota hiyo. Kadi yako inayo.

Hatua ya 7: Hesabu warushaji

Kwa kila mrushaji weka nukta kwa kila mpira anaorusha. Oktoba, mrushaji mzuri anaweza kutolewa mapema kabisa, na nukta zako zitakuonyesha uchovu kabla kocha hajainuka. Kumbuka pia kwamba tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akutane na wapigaji watatu au amalize nusu ya inningi, isipokuwa akiumia. Ukiona anaingia wa mkono wa kushoto, angalia wapigaji watatu wanaofuata na utaelewa kocha amepiga hesabu gani.

Hatua ya 8: Pima kama kadi imekaa sawa

Kwa kila timu, idadi ya waliokuja kupiga lazima iwe sawa na jumla ya vitu vitatu: pointi, waliobaki kwenye besi, na waliotolewa. Kila aliyeshika gongo ana mwisho mmoja kati ya hiyo mitatu. Ile inningi ya 10 ya Dodgers ilikuwa na wapigaji 6: pointi 4, waliobaki 0, waliotolewa 2. Imekaa. Pima hivi kila inningi inapoisha, usisubiri mwisho wa mechi, maana kutafuta chumba kimoja kilichokosewa kati ya zaidi ya sabini, alfajiri, kunachosha.

Kwa mazoezi, tafuta video kamili ya inningi ya 5 ya mechi ile ya Yankee Stadium. Iandike yote, kuanzia Kiké Hernández hadi aliyetolewa wa tatu, simamisha picha kila unapokwama, kisha pima. Pointi zinajulikana ni 5 na waliotolewa ni 3. Waliobaki kwenye besi utawapata wewe mwenyewe.