Namna ya kusoma vipimo vya saitokini katika inflamesheni ya ubongo

Wanafunzi wangu wa maabara hukimbilia grafu za saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari. Mimi huanza na sampuli: imetoka wapi? Saitokini za kwenye damu hazisemi moja kwa moja yanayotokea ubongoni, maana kuna kizuizi kati ya viwili hivyo. Tafuta vipimo vya maji ya uti wa mgongo, vilivyolinganishwa na damu ya mgonjwa yuleyule.

Kisha uliza ni seli zipi zimezitoa. Mara nyingi ni maikroglia, seli za kinga za ubongo, ingawa astrosaiti, seli zinazotegemeza neva, nazo huchangia.

Kazi hasa iko kwenye vipokezi, yaani protini za seli ambazo saitokini hushika. TNF, mojawapo ya saitokini, ikishika kipokezi chake cha kwanza, huchochea inflamesheni (mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe), hata kuua seli. Ikishika cha pili, husaidia kukarabati mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva. Dawa ya lenercept, inayozuia TNF, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, na matokeo yaliyochapishwa 1999 yakaonyesha mashambulizi yameongezeka. Kwa hiyo nikiona mtu ameandika “TNF ni mbaya” tu, naweka kalamu nyekundu.

Angalia pia sampuli ilikaa muda gani kabla ya kugandishwa: seli za damu huweza kuendelea kutoa saitokini hata ndani ya kichupa.