Namna Mwakilishi Wadi Anavyoweza Kuifuata Shilingi ya Kaunti Hadi Inapoishia

Mwakilishi wadi anayeapishwa, awe wa Kisumu yenye wadi 35, wa Nakuru yenye wadi 55 au wa Kakamega yenye wadi 60, huingia katika bunge la kaunti akiwa amebeba mzigo wa ahadi. Aliwaahidi watu daraja, maji na dawa, na simu yake huanza kuita kabla jua halijachomoza. Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa nikiwa karani wa kamati katika bunge moja la kaunti magharibi mwa Kenya, na niliwaona waheshimiwa wengi wenye nia njema wakimaliza muhula wao wakipiga foleni katika ofisi za mawaziri wa kaunti kuomba miradi, huku kazi waliyopewa na Katiba, ya kuisimamia serikali hiyo hiyo waliyokuwa wakiiomba, ikidorora. Mwongozo huu ni wa mwakilishi anayetaka kuifanya kazi hiyo. Njia ninayoiamini ni kuchagua matumizi machache ya pesa na kuyafuata kutoka kwenye kitabu cha bajeti hadi mahali pesa zenyewe zilipoishia.

Mamlaka uliyo nayo na usiyo nayo

Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010 kinalipa bunge la kaunti uwezo wa kuisimamia serikali ya gavana na idara zake zote, na Kifungu cha 195 kinaipa kila kamati ya bunge hilo nguvu sawa na za Mahakama Kuu za kumwita mtu yeyote, kumhoji chini ya kiapo na kumlazimisha atoe hati. Waziri wa kaunti akisema kwamba faili liko kwa mhandisi, kamati haina haja ya kuahirisha kikao na kungoja hisani yake. Inaweza kumwita mhandisi mwenyewe aje na faili mkononi.

Mpaka uko upande wa pili. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza mjumbe kushiriki, kwa njia ya moja kwa moja au ya kificho, katika kazi za utendaji wa kaunti na utoaji wa huduma zake. Maana yake ni kwamba si kazi yako kumtafuta mkandarasi, kuwaandika vibarua wala kuamua ni nani atakayelipwa kwanza. Hili nalisisitiza kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu, kwa sababu niliona linavyowaharibu watu. Siku moja kamati niliyoihudumia ilipofungua faili la barabara fulani ya changarawe, mjumbe wa wadi hiyo, ambaye kwa kawaida alikuwa msemaji hodari, alitoka nje kupokea simu na hakurudi tena. Kila aliyebaki mezani alijua kandarasi ile ilikuwa ya nani. Ukishapokea sehemu yako katika kazi ya kaunti, hutaweza kuiuliza kaunti swali lolote lenye uzito.

Kumbuka pia kwamba serikali ya kaunti hujibu kuhusu majukumu yake peke yake: zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti, masoko, maji, kilimo. Polisi na shule za msingi ni za serikali ya kitaifa, na ni vyema kuwaeleza wapigakura wako hivyo mapema, bila kuwazungusha.

Fanya kazi kwa kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na anayengoja mradi ukwame ndipo aulize huwa amechelewa kwa mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Taarifa ya sera ya fedha, inayoweka viwango ambavyo kila idara itapewa, huja kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio ya bajeti huletwa kufikia Aprili 30 na yanapaswa kupitishwa kabla ya Juni 30. Nakushauri uiweke nguvu yako yote katika ile taarifa ya Februari, ambayo wengi huiacha ipite wakiwa na usingizi kwa kuwa haitaji wadi ya mtu yeyote. Viwango vikishapangwa pale, ubishi wa Juni hubaki wa kugawana makombo.

Unapoisoma, anza na upande wa mapato. Linganisha kiasi ambacho kaunti inatarajia kukusanya yenyewe kutokana na ada za masoko kama Kibuye, maegesho, vibali vya biashara na kodi ya ardhi, na kile ilichokusanya kwa kweli katika miaka mitatu iliyopita. Tarakimu ikiwa imeruka bila maelezo, fahamu kwamba bajeti imetiwa chumvi: miradi itaandikwa, kandarasi zitatolewa, pesa hazitaingia, na wakandarasi watabaki na bili ambazo hazijalipwa, ambazo mwaka unaofuata zitakula fungu la maendeleo. Madeni mengi ya kaunti huzaliwa hapo, katika mstari mmoja wa matumaini ambao hakuna aliyeuhoji. Kisha pima matumizi: sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 haziruhusu mishahara kupita asilimia 35 ya mapato.

Kila robo ya mwaka ikiisha, hazina ya kaunti ina mwezi mmoja wa kuliletea bunge taarifa ya matumizi. Ya kwanza basi inapaswa kuwa mezani kufikia Oktoba 31. Isipofika, simama siku inayofuata ya kikao uulize iko wapi, na ulinganishe utakachopewa na taarifa za Mdhibiti wa Bajeti, ambaye hakuna shilingi inayotoka katika hazina ya kaunti bila idhini yake.

Mradi mmoja kutoka karatasini hadi ardhini

Tuchukue wodi ya kujifungulia katika zahanati ya wadi moja ya tambarare ya Nyando, ambako mvua za masika hukata barabara na mama mjamzito hawezi kusafirishwa hadi mjini. Hatua ya kwanza ni kuutafuta mradi huo kwa jina katika makadirio. Mara nyingi utakuta mstari unaosema tu "ujenzi wa zahanati mbalimbali" na jumla ya mamilioni. Usiupitishe mstari wa namna hiyo kabla kamati ya afya haijaletewa orodha ya zahanati zenyewe, kila moja na kiasi chake, kwa maandishi. Baada ya hapo omba tangazo la zabuni, mkataba, orodha ya vipimo na bei za kazi, cheti cha kukamilika na hati ya malipo. Panga tarehe zake kwa mfuatano, kwani tarehe hufichua mengi: malipo yaliyotangulia cheti, au cheti kilichotiwa saini wiki ambayo eneo lote lilikuwa limefunikwa na mafuriko.

Halafu nenda mwenyewe, ukiwa na futi ya kupimia na ile orodha ya vipimo. Nakumbuka ziara moja ya kamati yetu katika jengo la aina hii. Rangi ilikuwa mpya, vigae viling'aa, kitanda cha kujifungulia kilikuwa bado na karatasi yake ya nailoni. Mjumbe mmoja alifungua bomba la sinki na halikutoa hata mlio. Tulitoka nje tukakuta tangi limesimama vizuri juu ya mnara wake, na bomba lililoteremka kutoka humo likiishia kwenye majani, hatua 11 kutoka ukutani. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama aliyemsindikiza mkazamwana wake, na mtungi wa lita 20 miguuni pake. "Mheshimiwa," alisema, "sisi huja na maji yetu." Cheti kilichokuwa ndani ya faili letu kilisema maji yameunganishwa. Yule mjumbe aliandika hatua 11 katika daftari lake, na wiki iliyofuata hakutoa hotuba. Aliuliza ni nani aliyetia saini cheti kile na siku gani alifika kwenye zahanati. Hakuna aliyemjibu katika kikao hicho, lakini kabla mwezi haujaisha bomba lilikuwa limeunganishwa.

Liandike swali lako hivyo hivyo. Anayeuliza "serikali ina mpango gani kuhusu afya katika wadi yangu" atapata kurasa tatu za mipango. Anayeomba taarifa inayotaja jina la mradi, namba ya mkataba, kiasi kilicholipwa, tarehe ya malipo na jina la afisa aliyeidhinisha, amemwachia waziri nafasi ndogo sana ya kuzunguka. Hakikisha swali na jibu vimeingia katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, kisha weka tarehe katika daftari ya kurudi kuuliza kama kilichoahidiwa kimetendeka.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu

Mkaguzi Mkuu anatakiwa kukamilisha ukaguzi ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Kifungu cha 229 cha Katiba kinalipa bunge miezi mitatu ya kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Usiishie kwenye maoni ya jumla ya ukurasa wa kwanza. Soma aya za ndani, hasa zinazotaja bei ya kitu kimoja kimoja. Mwaka 2015 nchi nzima ilishangaa kusikia kwamba kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro 10 kwa shilingi 109,320 kila moja. Jumla yake, takriban shilingi milioni 1.1, ingeweza kupita kimyakimya katika bajeti ya mabilioni. Kilichowashtua watu ni bei ya moja, kwa sababu kila mkulima alijua wilbaro huuzwa ngapi katika duka la karibu naye.

Kuhusu kuwaondoa watu mamlakani

Hoja ya kumwondoa waziri wa kaunti huhitaji kuungwa mkono na thuluthi moja ya wajumbe, kisha kamati teule ya watu watano humchunguza na kutoa ripoti ndani ya siku 10. Ya gavana huhitaji thuluthi mbili ili ipite, na uamuzi wa mwisho ni wa Seneti. Nionavyo mimi, hii ni silaha ya mwisho, na huchafuka haraka inapotumiwa kutafutia fedha au vyeo. Anayeishika na aishike kwa uangalifu: mwaka 2024 hoja dhidi ya gavana wa Kericho ilianguka katika Seneti kwa sababu wajumbe 31 walioiunga mkono, kati ya wajumbe wote 47, hawakutimiza thuluthi mbili. Walipungukiwa na kura moja.

Wape watu karatasi

Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba hati na kujibiwa ndani ya siku 21. Itisha baraza baada ya kila taarifa ya robo mwaka, soma mistari inayohusu wadi yako kwa lugha wanayoielewa, kisha wagawie nakala kamati ya zahanati, wazee wa mitaa, vikundi vya akina mama na chama cha wanabodaboda. Wao hupita kwenye mradi kila siku, ilhali wewe utapita mara mbili kwa mwaka. Na faili la kila mradi liwe na nakala nyingine kijijini, mikononi mwa mtu asiyegombea kiti chochote, ili anayekuja baada yako asianze kutafuta mkataba upya.