Gari lisibaki na madoa meupe baada ya kuoshwa

Wenye magari meusi hapa Dodoma mnayajua yale madoa meupe ya duara. Si sabuni hiyo. Maji yetu mengi ni ya visima, kama vya Makutupora, na yana chumvichumvi za kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka, chumvi inabaki juu ya rangi. Na kwa jua letu na huu upepo, linakauka kabla hujazunguka upande wa pili.

Kwa hiyo osha asubuhi na mapema au jioni, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Anzia kwenye paa, kipande kwa kipande: shampuu, suuza, kausha hapo hapo kwa taulo laini, ndipo uhamie mlango unaofuata. Kama ulikinga maji ya mvua, yatunzie suuza ya mwisho.

Madoa yaliyokwisha ganda? Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, kibandike dakika moja au mbili, suuza vizuri, kausha. Kijana wa kuosha magari akija na sabuni ya unga, mkatalie. Inaondoa nta inayokinga rangi, na madoa yanazidi kushika.